Kapasita Inajaa kwa Sekunde Ngapi? Jinsi ya Kukokotoa na Kuhakiki kwa Mita

"Fundi, kapasita ya 100 inajaa kwa sekunde ngapi?" Swali hili halikauki. Wanalileta vijana wa chuo cha ufundi cha VETA hapa Moshi wakiwa kwenye mafunzo ya vitendo, wanalileta mafundi wa sola wanaotaka taa ijizime yenyewe, na wanaofunga muziki kwenye Hiace nao wanalileta. Huwa nawarudishia maswali mawili: kupitia resista gani, na hadi volti ngapi?

Kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme, peke yake haina muda wa kujaa. Muda hutokana na kapasita na resista (kifaa kinachozuia mkondo) kwa pamoja, na hata ukishazijua zote mbili, huna jibu mpaka useme unataka volti zifike wapi. Hilo la "hadi volti ngapi" ndilo linalosahaulika, na ndilo linalofanya saketi iliyokokotolewa sekunde kumi iwake kabla hujatoa kidole kwenye swichi. Ukifuata hatua hizi ukiwa na vifaa mezani, utaweza kujijibu mwenyewe kwa saketi yoyote ya aina hii.

Vya kuandaa kabla ya kuanza

- Betri ya 9 V, ile ya mstatili, pamoja na kifuniko chake chenye nyaya mbili.
- Resista ya 100 kΩ (kΩ ni omu elfu, MΩ ni omu milioni), yaani yenye mistari ya kahawia, nyeusi, njano, na mwisho dhahabu. Tafuta pia ya 1 MΩ (kahawia, nyeusi, kijani) na ya 1 kΩ (kahawia, nyeusi, nyekundu).
- Kapasita ya elektroliti ya 100 µF (maikrofaradi), iliyoandikwa 25 V au zaidi.
- Mita ya kupimia. Ya bei ndogo inatosha, ila kuna jambo kuihusu nitakalolieleza kwa kirefu.
- Bredibodi (ubao wa matundu wa kuunganishia saketi bila kuchomelea) au nyaya zenye klipu, na swichi ndogo. Swichi ikikosekana, gusanisha waya kwa mkono.
- Simu, kwa ajili ya saa ya kuhesabu sekunde na kikokotoo. Simu nyingi ukizilaza upande, kikokotoo huonyesha vitufe zaidi. Unachohitaji ni kile kilichoandikwa ln, yaani logi asilia.
- Daftari. Usitegemee kukumbuka namba kichwani.

Vitu hivi utavipata kwenye maduka ya spea za redio, Moshi mjini au Arusha. Resista unaweza kuchomoa kwenye bodi ya redio mbovu bila wasiwasi. Kapasita ya kuchomoa, kwa zoezi la kwanza, iache. Inaweza kuwa imekauka ndani, na hutajua kama kosa ni la hesabu yako au la kapasita.

Tahadhari mbili ambazo sitaki uziruke

Kapasita ya elektroliti ina chanya na hasi. Mstari wenye alama za kutoa uko upande wa mguu hasi, na ikiwa mpya mguu mrefu ndio chanya. Ukiigeuza inapata joto, inavimba, na inaweza kupasuka ikakumwagia maji yake usoni. Zile ndogo za tantalamu zina mtego wake: mstari wake unaonyesha mguu chanya.

La pili: zoezi hili ni la betri. Usilifanye kwenye umeme wa ukutani, wala ndani ya TV au chaja iliyochomekwa. Umeme wetu wa 230 V ukishanyooshwa kuwa wa mwelekeo mmoja (DC), kapasita kubwa ya ndani hukaa na volti kama 325, na hubaki nazo hata baada ya kuchomoa waya. Nitakuonyesha mbele namna ya kuzitoa.

Hatua ya 1: Soma thamani, kisha zipime

Resista ipime kwa mita kabla ya kuiweka kwenye saketi. Dhahabu mwishoni maana yake inaweza kupishana na thamani yake kwa asilimia 5, kwa hiyo ya 100 kΩ ikisoma 97 au 103 ni sawa. Andika ulichosoma kwenye mita. Kilichoandikwa kwa rangi kiache.

Mkanganyiko mkubwa uko kwenye rangi ya tatu. 100 Ω ni kahawia, nyeusi, kahawia. 100 kΩ ni kahawia, nyeusi, njano. Kwenye mwanga hafifu wa kibanda rangi hizi zinafanana, na kosa lake ni mara elfu moja.

Kwenye kapasita za silinda thamani huandikwa wazi: 100 µF 25 V. Zile ndogo bapa zina namba tatu: mbili za kwanza ni tarakimu, ya tatu ni idadi ya sifuri, na jibu linakuja kwa pikofaradi. 104 ni 10 na sifuri nne, yaani pF 100,000, ambayo ni 0.1 µF. 473 ni 0.047 µF.

Kuhusu volti zilizoandikwa kwenye kapasita: hizo ni kikomo chake. Hazihusiani na volti itakazojaa. Kapasita ya 25 V kwenye betri ya 9 V inajaa hadi 9 V basi. Ila kwenye sola usiweke ya 16 V kwa kuwa tu mfumo unaitwa wa 12 V, maana betri ikiwa inachajiwa hufika kama 14.4 V. Weka ya 25 V.

Hatua ya 2: Zidisha R kwa C

Zao la ukinzani wa resista (R) na uwezo wa kapasita (C) linaitwa tau, na jibu lake ni sekunde:

tau = R × C

Kwa vizio vya asili ni omu mara faradi, na hapo ndipo watu wanapotea kwenye sifuri. Tumia njia hizi za mkato:

- MΩ × µF = sekunde
- kΩ × µF = milisekunde
- kΩ × nF (nanofaradi) = maikrosekunde

Kwa vifaa vyetu: 100 × 100 = milisekunde 10,000, sawa na sekunde 10. Ukitumia megaomu: 0.1 × 100 = 10. Majibu mawili yakilingana, endelea. Yasipolingana, umekosea kizio, na hakuna hatua inayofuata itakayokusaidia.

Hatua ya 3: Usiite tau "muda wa kujaa"

Hapa twende taratibu kidogo.

Mwanzoni kapasita ina 0 V, kwa hiyo resista inabeba 9 V zote, na mkondo ni 9 V ÷ 100 kΩ = 0.09 mA. Kapasita ikishafika 6 V, resista inabaki na 3 V tu, mkondo umeshuka hadi 0.03 mA. Kadiri inavyokaribia kujaa ndivyo inavyopokea kidogo, kwa hiyo mwendo wa mwisho ni mrefu sana. Kwa hesabu kamili haijai asilimia 100 kamwe.

Namba hizi zikariri, utazitumia kila siku:

- tau 1: asilimia 63.2
- tau 2: asilimia 86.5
- tau 3: asilimia 95.0
- tau 4: asilimia 98.2
- tau 5: asilimia 99.3

Nusu, yaani asilimia 50, inafikiwa kwa tau 0.69.

Mafundi wamekubaliana kwamba tau 5 ni "imejaa". Kwa hiyo saketi yetu ya tau ya sekunde 10 "imejaa" baada ya sekunde 50. Kwa betri ya 9 V utarajie: sekunde 10, 5.69 V; sekunde 20, 7.78 V; sekunde 30, 8.55 V; sekunde 40, 8.84 V; sekunde 50, 8.94 V.

Kanuni ya tau 5 inafaa pale unapotaka kujua lini ni salama kusema kapasita imejaa au imeisha. Wale wa muziki wa gari, jibu lenu liko hapa. Kapasita ya faradi 1 ukiichaji kupitia resista ya 30 Ω, tau ni sekunde 30, na tau 5 ni sekunde 150, dakika mbili na nusu. Resista hiyo iwe ya wati 10, kwa sababu mwanzoni inabeba 12 × 12 ÷ 30 = wati 4.8. Ukiibana moja kwa moja kwenye betri bila resista, mkondo wa mwanzo hauna cha kuuzuia ila nyaya, na utaona cheche ikila terminali.

Hatua ya 4: Kokotoa muda wa kufikia volti unazozitaka

Saketi nyingi hazisubiri kapasita ijae. Zinasubiri ifike volti fulani, kisha kitu kinawaka au kinazima. Fomula ni hii:

t = −R × C × ln(1 − V ÷ Vs)

Vs ni volti za betri, V ni volti unazozisubiri. Kwenye simu fanya hivi, kwa mfano wa kufika 6 V kutoka betri ya 9 V:

1. 6 ÷ 9 = 0.667
2. 1 − 0.667 = 0.333
3. ln ya 0.333 = −1.10
4. Ondoa alama ya kutoa, zidisha kwa tau: 1.10 × 10 = sekunde 11

Ukiona kikokotoo kimekataa na kuandika kosa, umeweka V iliyo sawa na Vs au kubwa zaidi. Kapasita haiwezi kuvuka betri inayoichaji, na kikokotoo kinakuambia hivyo hivyo. Usitumie kitufe cha log badala ya ln. Jibu litatoka dogo zaidi ya mara mbili na hutashtuka, kwa sababu litaonekana la kawaida tu.

Sasa mfano unaoleta malalamiko mengi kuliko yote. Kijana anachukua resista ya 100 kΩ na kapasita ya 100 µF kwenye 12 V, anaunganisha mguu chanya wa kapasita moja kwa moja kwenye besi ya transista (mguu unaoiwasha transista kwa mkondo mdogo), na anatarajia LED, ile taa ndogo, iwake baada ya sekunde 10. Inawaka papo hapo. Anabadilisha transista, anabadilisha kapasita, LED bado inawaka papo hapo.

Transista haisubiri asilimia 63. Inasubiri kama 0.7 V tu. Weka kwenye fomula: 0.7 ÷ 12 = 0.058, 1 − 0.058 = 0.942, ln yake ni −0.060. Mara sekunde 10 ni sekunde 0.6. Saketi ilikuwa nzima tangu mwanzo. Swali la "hadi volti ngapi" ndilo halikuulizwa.

Dawa mojawapo ni kuweka zena ya 5.1 V (dayodi isiyopitisha mkondo mpaka volti zifike kiwango chake) kati ya kapasita na besi. Sasa kapasita inabidi ifike kama 5.8 V ndipo transista ishtuke, na muda unakuwa 0.66 × 10 = sekunde 6.6. Lakini angalia mkondo unaobaki kwa ajili ya besi: (12 − 5.8) ÷ 100 kΩ ni 0.062 mA. Transista ikikuza mara 100, unapata mA 6. LED itawaka. Rilei (swichi ya sumaku) haitavuta, na usikae unailaumu rilei.

Hatua ya 5: Unganisha saketi

Chanya ya betri → swichi → resista 100 kΩ → mguu chanya wa kapasita. Mguu hasi wa kapasita → hasi ya betri. Mita weka DC, kipimo cha 20 V, waya mwekundu kwenye mguu chanya wa kapasita, mweusi kwenye hasi.

Kabla ya kuwasha, pima betri yenyewe. Mpya husoma zaidi ya 9 V na iliyochoka husoma pungufu. Namba utakayoisoma ndiyo Vs yako.

Kisha ondoa chaji iliyobaki: gusisha resista ya 1 kΩ kwenye miguu miwili ya kapasita kwa sekunde moja. Tau ya hapo ni sekunde 0.1, kwa hiyo nusu sekunde ingetosha. Mita isome 0.00 au karibu yake.

Hatua ya 6: Pima

Njia nzuri kuliko zote ni kusimamisha simu ikirekodi video ya mita, halafu uwashe swichi huku kamera ikiona. Baadaye unaisimamisha video sekunde ya 10, ya 20, ya 30 na unaandika. Macho, mkono na saa kwa pamoja vinachelewa, na kwenye tau fupi kuchelewa huko ndiko kunakuwa kipimo chenyewe. Kama huna simu ya pili ya kuhesabia, saa ya video yenyewe inatosha.

Rudia mara tatu, ukitoa chaji kila mara. Ukiona marudio yanapishana sana, kuna mguso mbovu kwenye bredibodi.

Hatua ya 7: Ondoa kosa la mita

Utaona jambo litakalokusumbua: volti zinapanda vizuri, halafu zinagota. Badala ya 9 V, mita inasimama 8.18 V na haisogei.

Mita nayo ni resista. Ukiiweka kwenye miguu ya kapasita, umefungua njia ya pili ya mkondo kwenda hasi. Mita nyingi nzuri za dijitali zina 10 MΩ ndani, lakini nyingi za bei ndogo zina 1 MΩ tu. Za mshale ni mbaya zaidi kwa kazi hii: iliyoandikwa 20 kΩ kwa volti, ukiiweka kwenye kipimo cha 10 V, ina 200 kΩ. Kwa resista yetu ya 100 kΩ, kapasita itaishia 9 × 200 ÷ 300 = 6 V. Unaweza kukaa hapo mpaka jioni.

Jua mita yako ina kiasi gani. Pima betri moja kwa moja, andika. Kisha weka resista ya 1 MΩ katikati ya waya mwekundu na betri, pima tena. Ikishuka nusu, mita ina 1 MΩ. Ikishuka kutoka 9 hadi 8.18, ina 10 MΩ. Iandike kwa kalamu nyuma ya mita, utaihitaji maisha yake yote.

Sasa sahihisha hesabu. Mambo mawili yanabadilika:

- Volti za mwisho: Vs × Rm ÷ (R + Rm), ambapo Rm ni ya mita.
- R ya kukokotolea tau: R × Rm ÷ (R + Rm).

Kwa mita ya 1 MΩ na resista ya 100 kΩ: volti za mwisho 8.18, R inakuwa 90.9 kΩ, na tau inakuwa sekunde 9.1. Sekunde ya 10 utasoma 5.46 V badala ya 5.69. Tofauti ni ndogo, na kwa kazi ya kawaida unaweza kuiacha. Lakini ukitumia resista ya 1 MΩ na mita hiyo hiyo, kapasita haitavuka 4.5 V, na mtu asiyejua atasema kapasita imekufa.

Baada ya kusahihisha mita, tofauti inayobaki ni ya kapasita yenyewe. Elektroliti za kawaida huruhusiwa kupishana asilimia 20 juu au chini. Ya 100 µF ikiwa kwa kweli ni 120, sekunde ya 10 itakuwa na 5.1 V tu, kabla hata hujahesabu mita. Ndiyo maana kukokotoa hadi tarakimu ya nne ni kazi bure.

Na hapa unapata faida ya ziada. Geuza fomula: C = tau ÷ R. Chukua kapasita uliyochomoa kwenye amplifaya mbovu, iache ichajiwe mpaka mita isimame, soma volti hizo za mwisho, zidisha kwa 0.632. Toa chaji, anza upya, hesabu sekunde mpaka ifike hapo. Gawa kwa R iliyosahihishwa. Ya 470 µF ikikupa 200, imekauka, itupe. Umeipima bila mashine ya kupimia kapasita.

Hatua ya 8: Anza na muda, tafuta resista

Kazi halisi huja hivi: mteja wa Kibosho ana sola ya 12 V, anataka taa ya uani iwake akibonyeza kitufe na izime baada ya kama dakika moja. Kwa kazi hii aisi ya 555 (kichipu cha kupima muda) inafaa kuliko transista tupu. Inasubiri kapasita ifike theluthi mbili ya volti za ugavi (hapa ni za betri), na umeshaona kwenye Hatua ya 4 kwamba theluthi mbili ni tau 1.1. Ndiyo asili ya fomula yake ya t = 1.1 × R × C.

1. Sekunde 60 ÷ 1.1 = 54.5. Hiyo ndiyo tau.
2. Chagua kapasita kwanza, kwa sababu saizi zake madukani ni chache. Tuseme 470 µF.
3. R = 54.5 ÷ 470 = 0.116 MΩ, yaani 116 kΩ.
4. Chukua ya karibu inayouzwa: 120 kΩ. Rudia hesabu: 1.1 × 0.12 × 470 = sekunde 62.

Ungeweza kutumia 100 µF na 560 kΩ ukapata muda uleule. Mimi napendelea resista ndogo. Vumbi na unyevu kwenye bodi ni njia ya mkondo, na R kubwa ndiyo inayoathirika zaidi, kama ilivyo kwa mita. Taa ya uani inakaa kwenye ukungu wa asubuhi za Kibosho mwezi wa saba, kwa hiyo hilo si jambo la kudhania.

Uzuri mwingine wa 555: theluthi mbili ni sehemu ya volti za ugavi zozote zile. Betri ikiwa 12 V usiku au 14.4 V mchana, muda haubadiliki. Kwa transista yenye zena, ungebadilika.

Ukihitaji zaidi ya dakika kadhaa, acha kuongeza kapasita. Kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo inavyovujisha zaidi, kwa hiyo hupati usahihi wowote. Tumia aisi ya kuhesabu kama CD4060, yenye kapasita ndogo inayozunguka haraka na vihesabio vinavyorefusha muda.

Hatua ya 9: Ikiwa haianzi sifuri, au inatoa chaji

Kapasita inayoanza na volti V0 tayari ndani:

t = R × C × ln((Vs − V0) ÷ (Vs − V))

Kutoka 4 V hadi 8 V kwenye ugavi wa 12 V: ln(8 ÷ 4) = 0.69, yaani tau 0.69.

Ikitoa chaji kupitia resista:

t = R × C × ln(V0 ÷ V)

Hii ndiyo niliyokuahidi kwenye tahadhari. Kapasita ya 220 µF yenye 325 V, ukiitoa chaji kwa resista ya 10 kΩ, tau ni sekunde 2.2. Kushuka hadi 5 V ni 2.2 × ln(65), kama sekunde 9. Tumia resista ya wati 5 au zaidi, nyaya zake ziwe na maganda mazuri, waya wa ukutani uwe umechomolewa, na subiri sekunde 20. Halafu pima kwa mita kabla ya kugusa. Kufyatua kwa bisibisi kunatoboa bisibisi, kunaharibu kapasita, na cheche inaruka machoni.

Ikikataa

*Volti hazipandi kabisa.* Angalia kama miguu miwili ya kapasita haiko kwenye safu moja ya bredibodi. Kisha toa kapasita na uangalie kama volti zinafika pale ilipokuwa. Zikifika, kapasita imeshikana ndani.

*Zinapanda papo hapo.* Resista ni 100 Ω badala ya 100 kΩ, au kapasita imekauka. Pima resista kwanza, kwa sababu ndilo kosa la mara kwa mara.

*Zinagota chini ya betri.* Ni mita au ni kapasita inayovuja. Kuzitofautisha, toa mita, subiri dakika moja, kisha iguse na usome namba ya kwanza kabisa. Ikianza karibu na 9 V halafu ikashuka taratibu, ni mita. Ikianza chini tayari, ni kapasita. Kwa R ya 1 MΩ, mvujo wa maikroampia moja tu unakula volti nzima.

*Inagota kwenye 0.7 V.* Besi ya transista imeungwa moja kwa moja na inameza mkondo wote. Rudi Hatua ya 4.

*Mara ya pili muda ni mfupi kuliko mara ya kwanza.* Hukutoa chaji yote. Kwenye saketi ya kudumu, weka njia ya kuitoa kila inapozimwa.

*Kapasita iliyokaa dukani miaka inavuja mwanzoni, kisha inatulia.* Iache kwenye betri kupitia resista kwa saa moja, kisha rudia kipimo.

*Umeitoa chaji mpaka sifuri, baada ya muda inaonyesha volti tena.* Kapasita ni nzima. Chaji kidogo hujificha ndani ya kihami na kurudi polepole kwenye miguu. Kwenye 9 V haina madhara, irudie tu resista ya 1 kΩ kwa muda mrefu zaidi. Kwenye zile za 400 V za TV na chaja, iache resista ya kutolea chaji ikiwa imebanwa kwenye miguu muda wote unaofanya kazi, na uiondoe wakati wa kufunga kifuniko.